Nani Ataamka Usiku? Uchambuzi wa kisa kimoja cha ofisi ya mifumo

Katika kikao cha bodi cha robo mwaka, mwenzangu mmoja wa kitengo cha mifumo, aliyekuwa ametimiza miezi mitano tu kazini, alisimama akawaeleza wajumbe kwamba mfumo wetu wa hesabu umepitwa na wakati, kwamba ni programu moja kubwa iliyosongamana kwenye seva moja, na kwamba taasisi yoyote ya fedha inayojitazama vizuri imekwisha kuugawa mfumo wake katika huduma ndogondogo zinazojitegemea, yaani maikroservisi, zikaendeshwa kwa Kubernetes, programu ya kuzisimamia huduma za namna hiyo, huko kwenye wingu, yaani kwenye seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti. Ukutani aliangaza mchoro wenye visanduku kumi na vinne na mishale isiyohesabika. Mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mstaafu na mtu wa maneno machache, aliutazama mchoro kwa muda, akavua miwani, akanigeukia: "Mkuu wa mifumo, mbona haya hatukuambiwa mapema?"

Seva iliyokuwa ikizungumzwa nimeilea kwa miaka tisa.

Chama chenyewe ni SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ya wafanyakazi katika mji mmoja wa mkoani nchini Tanzania. Sitakitaja jina, wala sitamtaja mhusika yeyote, kwa kuwa sikusudii kumwumbua mtu, na hata ningekusudia, msomaji ataona kwamba wa kwanza kuumbuka ningekuwa mimi. Wanachama ni elfu nne na ushei. Tunatunza hisa, akiba, amana na mikopo yao kwa programu moja iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya PHP, yenye kanzidata (hifadhi ya kumbukumbu zote) ya PostgreSQL, juu ya seva iliyoko katika chumba cha nyuma ya kaunta, pembeni yake betri za kuokoa umeme na nje ya dirisha jenereta. Siku mishahara inapotoka, ambayo ndiyo siku ya heka heka kuliko zote, miamala haizidi elfu mbili. Ukiigawa kwa saa nane za kazi utapata muamala mmoja kila baada ya sekunde kumi na nne hivi, ilhali kanzidata ya namna hiyo kwenye mashine ya kawaida humudu mamia ya miamala kwa sekunde moja. Kwa maneno mengine, tatizo mojawapo ambalo maikroservisi hutatua, la mzigo unaoizidi nguvu mashine moja, sisi hatukuwa nalo.

Tuliyokuwa nayo ni mengine. Umeme hukatika. Karani huandika namba ya mwanachama akaruka tarakimu moja. Mtandao hupotea, na si kwetu peke yetu: Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari na intaneti ikadorora Afrika Mashariki kwa siku kadhaa, kaunta zetu ziliendelea kupokea fedha na kutoa stakabadhi, kwa sababu kanzidata ilikuwa hatua kumi kutoka kwa karani. Haya hayakuwemo katika mchoro wa visanduku kumi na vinne.

Sasa nimweleze mwenzangu kwa haki. Ana shahada nzuri, anasoma usiku, na vyeti vyake viwili vya teknolojia ya wingu alivilipia kutoka mfukoni mwake, jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya. Anajua majina ya vitu ambavyo mimi nilikuwa sijavisikia. Alichokosa ni kitu kimoja tu: hakuwa amewahi kuendesha mfumo ambao watu wanautegemea, ukamharibikia mikononi, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Mtu ambaye hayajamfika hayo huiona teknolojia kwa upande wa faida zake, kwa kuwa maandiko yanayoitangaza huandikwa kwa upande huo.

Swali la mwenyekiti nilitakiwa kulijibu kwa hesabu ile ya sekunde kumi na nne. Sikulijibu hivyo. Nilitabasamu, nikamgeukia mwenzangu, nikasema: "Mdogo wangu, haya mambo tumeyaona yakija na kupita." Wajumbe wawili wakacheka. Yeye akazima mashine ya kuangazia, akaketi.

"Mdogo wangu" ni neno la upendo, na nje ya ukumbi ule nilikuwa nikimwita hivyo kila siku naye akiniitikia "kaka" bila kinyongo. Ndani ya kikao lilikuwa kofi. Lilimwambia kila aliyekuwepo kwamba hoja yake imepimwa kwa umri ikaonekana nyepesi, na kwa kuwa mila zetu haziruhusu mdogo kumjibu mkubwa mbele ya wazee, lilimnyang'anya pia nafasi ya kujitetea. Kwa wiki tatu zilizofuata hakunipinga hata mara moja. Alifanya lililo baya zaidi kwangu: alikwenda kwa meneja moja kwa moja, na katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi akawa anaweka kila asubuhi habari za makampuni makubwa ya ng'ambo yaliyohamia wingu. Meneja wetu ni mchapakazi ambaye hofu yake kubwa ni kuonekana amebaki nyuma. Wiki ya tatu akaniita, akaniuliza tunahama lini, wala hakuuliza kama tunahama.

Nilijaribu kupigana kwa silaha ileile. Mwaka 2023 timu moja ya Prime Video, huduma ya video ya Amazon, ilieleza hadharani jinsi ilivyoukusanya mfumo wake wa kukagua ubora wa sauti na picha, uliokuwa umegawanywa vipande vipande, ukawa programu moja, na gharama zake za kuuendesha zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Nikaiweka habari hiyo kundini nikidhani nimemaliza maneno. Kabla ya chai ya saa nne nikajibiwa kwa habari nyingine tatu za makampuni mengine makubwa. Ndipo nilipotambua kuwa kisa cha wakubwa hujibiwa kwa kisa kingine cha wakubwa, na kwamba anayeshindwa katika mashindano hayo ni mwenye kazi nyingi zaidi, kwani mwenye nafasi ya kusoma ndiye mwenye akiba ya mifano. Zaidi ya hayo, mifano yote ile, wangu na yake, ilikuwa haituhusu. Makampuni hayo huugawa mfumo kwa sababu ya wingi wa watu kuliko wingi wa miamala: mamia ya wahandisi hawawezi kusubiriana kila mmoja anapotaka kutoa toleo jipya. Melvin Conway aliandika tangu 1968 kwamba shirika hutoa mifumo inayofanana na jinsi watu wake wanavyowasiliana. Sisi kitengoni tuko watatu, na meza ni moja.

Kwa siku zile nilijifariji pia kwa utafiti wa David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliochapishwa 1999, kuhusu jinsi watu wanavyojipima uwezo wao, ambao umegeuka kuwa tusi la heshima katika ofisi nyingi. Walioshika mkia katika majaribio yale walijikadiria kuwa wako juu ya wastani. Sehemu ambayo wanaoutumia kama fimbo huiruka ni kwamba hata walio juu hawakujipima sawasawa, na kwamba hakuna aliyekuwa amepewa nafasi ya kuchagua kundi la kukaa. Mimi nilikuwa nimekwisha kujikalisha mbele.

Kilichobadilisha mwelekeo ni karatasi moja. Nilimwendea meneja nikamwambia sipingi kuhama, ila naomba kila pendekezo la kubadili mfumo, la mwenzangu au langu, liandikwe kwa Kiswahili na lijibu mambo manne: ni shida gani ya mwanachama au ya karani inayoondolewa, tutajuaje kwa kipimo kwamba imeondoka, ikishindikana tunarudi vipi tulikotoka, na mfumo ukizimika usiku, nani ataamka. Meneja akakubali, nadhani kwa sababu karatasi ilikuwa fupi.

Sharti la Kiswahili nililiweka kwa ajili ya wajumbe wa bodi, sikujua litafanya kazi nyingine. Katika ofisi zetu mazungumzo ya teknolojia hujaa maneno ya Kiingereza, na anayeyatamka bila kukwama hupewa imani ambayo kazi yake haijaidai bado. Wajumbe hawana njia ya kuipima hoja, kwa hiyo hupima ulimi. Mwenzangu alipoketi kuandika kwa lugha ambayo mhasibu na mama wa kaunta wangeielewa, ilimbidi aseme kila kisanduku kinafanya nini, kinapokea nini na kinampa nani. Alikuja kwangu siku ya pili na mchoro wenye visanduku sita. Vile vinane, alisema, "havikuelezeka."

Tukakubaliana ajaribu kipande kimoja tu, upokeaji wa amana zinazotumwa kwa simu, katika mashine ya pembeni na kwa akaunti za majaribio. Chaguo lilikuwa lake na lilikuwa zuri, maana sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ikinisumbua mimi mwenyewe. Utaratibu wake ni huu: mwanachama akituma fedha, mfumo wa kampuni ya simu huutumia mfumo wetu ujumbe wenye kiasi, namba ya mwanachama na namba ya stakabadhi, kisha husubiri tujibu kuwa tumepokea. Tukichelewa kujibu, hutuma tena, kwa sababu upande wake hauwezi kujua kama kilichopotea njiani ni ujumbe wao au jibu letu. Mwenzangu aliandika programu ndogo ya kuuigiza mfumo huo, akaandika na huduma zake tatu: ya kupokea na kuweka kwenye foleni, ya amana, na ya leja, yaani daftari kuu la hesabu, kila moja ikiwa na kanzidata yake. Ilifanya kazi, tena kwa kasi ya kupendeza. Meneja alikuja akaangalia, akampa mkono.

Alhamisi jioni, wengine wakiwa wameshaondoka, nilimwomba jambo dogo. Acheleweshe jibu kwa sekunde arobaini, kama mtandao wetu unavyofanya mvua inaponyesha, kisha atume amana moja ya shilingi 50,000. Akafanya. Tukasubiri. Alipofungua akaunti ya majaribio, salio lilisoma 150,000.

Akairudia. Ikawa 300,000.

"Kaka, hii imetoka wapi?"

Jibu nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, na katika kisa hiki kizima jambo ninalojivunia ni kwamba nililimeza. Nilivuta kiti, nikamwacha atafute. Ilipofika saa tatu usiku alikuwa ameufuata ujumbe kutoka foleni hadi leja na kuona kwamba ujumbe uliorudiwa mara tatu ulihesabiwa kuwa amana tatu, kwa kuwa hakuna huduma hata moja aliyoipa kazi ya kuuliza kama namba hiyo ya stakabadhi imekwisha kupita. Katika mfumo wetu wa zamani kazi hiyo hufanywa na mstari mmoja ndani ya kanzidata, unaokataza namba ya stakabadhi kuandikwa mara mbili. Ujumbe wa pili hukataliwa pale pale, na kampuni ya simu hujibiwa kuwa tumepokea. Mstari huo niliuandika mwaka wangu wa pili kazini, baada ya mwanachama mmoja mwaminifu kuja kaunta kulalamika kwamba ana fedha nyingi kuliko alizoweka. Sikuusoma katika kitabu chochote.

Asubuhi alikuja na swali jingine, safari hii lake mwenyewe: yale makosa atayarekebishaje? Katika leja huwezi kufuta; huandikwa muamala wa kugeuza, na wa zamani hubaki ukionekana ili mkaguzi aufuate. Amana na leja zikiwa katika kanzidata moja, maingizo yote mawili hukubaliwa kwa pamoja au hukataliwa kwa pamoja. Zikiwa mbili, la kwanza linaweza kupita na la pili likakwama, na ni juu ya mwandishi wa programu kubuni namna ya kulifidia kila kwamo. Alikaa akahesabu namna ambazo mambo yangeweza kukwamia katikati. Alipofika ya tisa akafunga daftari. "Kumbe ile programu moja ndiyo inayotubeba," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa, ilikuwa ya fundi aliyeiona kasoro ya chombo kwa mkono wake.

Hapo ningeweza kuumaliza uchambuzi nikiwa mshindi. Lakini karatasi ile ilikuwa na jambo la tatu, nalo lilikuwa linanihusu mimi pia.

"Na sisi kaka, kwa mfumo huu tulio nao, tukiharibikiwa tunarudi vipi?"

Nikamwambia kwamba kila usiku nakala rudufu, bakapu kama tuziitavyo, hujitengeneza zenyewe zikaenda kwenye diski ya nje, na kila asubuhi napata ujumbe kwamba kazi imekamilika. Akauliza mara ya mwisho kuzirudisha zote kwenye mashine tupu na kuona kama mfumo unawaka ilikuwa lini. Nilijibu kwa maneno mengi, ambayo kwa ufupi yalimaanisha haijawahi.

Jumamosi tukachukua kompyuta ya akiba, tukarudisha. Kanzidata ilirudi bila kasoro. Tulipofungua mkopo wa majaribio ili kuona mkataba wake, nafasi ilikuwa tupu. Tukafungua wa pili na wa tatu, hali ikawa ileile. Wiki kumi na moja nyuma nilihamisha kabrasha la mikataba na vitambulisho vilivyoskaniwa kwenda sehemu nyingine ya diski, wala sikubadili njia katika programu ya bakapu. Kila usiku programu ilikwenda mahali pa zamani, haikukuta kitu, ikarudi na kunitumia salamu kwamba kazi imekamilika. Kama seva ingeungua katika wiki hizo, tungekuwa na orodha kamili ya madeni bila saini ya mkopaji wala mdhamini hata mmoja kwa mikopo ya karibuni.

Mwenzangu hakucheka. Hakuniita hata "kaka mkubwa" kwa ile sauti ya mzaha aliyokuwa akiitumia zamani. Akauliza tu kama nina nafasi kwenye diski nyingine.

Kwa hiyo katika ofisi ile walikuwamo watu wawili ambao maoni yao yalizidi uzoefu wao. Mmoja alikuwa na maoni kuhusu maikroservisi asizowahi kuziendesha, na mwingine alikuwa na maoni kuhusu bakapu asizowahi kuzirudisha. Tofauti yetu ni kwamba maoni yake yalikuwa mapya, yakasikika, yakapingwa; yangu yalikuwa yamezeeka kazini, yakachukuliwa kuwa ujuzi. Yakipimwa kwa hatari tu, yangu ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na kukiangamiza chama.

Suala la wingu lilikufa kwa njia ambayo hakuna kati yetu aliyeitarajia: mwanasheria wa chama aliuliza taarifa za wanachama zingekaa nchi gani, na kama tumesoma masharti ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kuhusu kuzitoa nje ya nchi. Hakuna aliyekuwa ameyasoma. Likawekwa kando mpaka yasomwe.

Nisije nikaeleweka kwamba karatasi yenye maswali manne humfaa kila mtu. Kabla ya chama hiki nilifanya kazi na mzee mmoja, mkubwa wangu kwa cheo, ambaye alikuwa na maoni kuhusu kila chombo na hakukubali jaribio hata moja, kwa kuwa jaribio lingeweza kumpa jibu. Kwa mtu wa namna hiyo nilichoweza ni kuomba kila agizo lake kwa maandishi, nikatunza nakala, nikahakikisha njia ya kurudi ipo kabla sijagusa kitu. Sikumbadilisha, wala sikudhani kuwa ni kazi yangu kumbadilisha. Mwenzangu huyu alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa tayari kukaa mpaka saa tatu usiku akiutafuta ukweli uliompinga, na hilo ndilo la kwanza ninaloliangalia siku hizi kabla sijaamua nimtendee vipi mwenye maoni makubwa.

Kikao kilichofuata tuliingia pamoja. Alisoma taarifa yake ya kurasa mbili, ikiwemo shilingi 50,000 zilizozaa. Nami nikasoma yangu, ikiwemo wiki kumi na moja za mikataba isiyokuwepo, na nikasema mbele ya wajumbe walewale kwamba kikao kilichopita nilimjibu mwenzangu vibaya. Bodi ikakubali programu ibaki moja, upokeaji wa amana za simu uandikwe upya kama kipande cha pembeni chenye ulinzi uleule wa namba ya stakabadhi, seva ya pili yenye nakala hai, inayojisasisha kila mara kutoka seva kuu, iwekwe kwenye tawi, na bakapu zirudishwe zote kwenye mashine tupu kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, yeye akiwa msimamizi. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Sasa nyinyi wawili," aliuliza, "mlikuwa mnabishana nini?"

Bado analeta mapendekezo. La wiki iliyopita linataka akili mnemba isome maombi ya mikopo kabla hayajafika kwenye kamati. Jambo la kwanza amelijibu vizuri, la pili vizuri zaidi kuliko ningelijibu mimi, la tatu tunalijadili. Katika la nne, penye nafasi ya jina la atakayeamka usiku, ameandika langu. Nimeirudisha karatasi ikiwa na alama ya kuuliza.